Kufundisha Stadi za Kitabibu kwa Uhalisia Ulioboreshwa wa Simu: Mwongozo Kamili kwa Mkufunzi

Mwanafunzi wa udaktari anapofundishwa kwa mara ya kwanza kuchoma sindano ya kiunoni ili kuchota majimaji ya uti wa mgongo, kinachomtatiza zaidi ni mgongo wenyewe. Kitabuni ameona pingili zimepangwa kama ngazi, kila moja na namba yake, lakini sasa mbele yake pana ngozi tupu isiyomwambia kitu. Mkufunzi anamwambia, "Papasa hapa," naye anapapasa, anaitikia kwa kichwa, na wala hana hakika kama alichogusa ndicho alichotajiwa. Pengo hilo lililoko kati ya picha ya kitabuni na mwili ulio mbele ya macho ndilo ambalo uhalisia ulioboreshwa wa simu unaweza kuliziba, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuufanya ulizibe bila kumfanya mwanafunzi awe mtumwa wa skrini.

Uhalisia ulioboreshwa ni utaratibu wa kuweka picha iliyotengenezwa kwa kompyuta juu ya kile ambacho kamera inakiona wakati huohuo. Unatofautiana na uhalisia pepe, ambao humfunika mtumiaji macho na kumwingiza katika ulimwengu wa kubuni mtupu. Mwaka 1997 mtafiti Ronald Azuma aliutambulisha kwa sifa 3 ambazo hadi leo zinafaa kuwa kipimo: unachanganya kilichopo na kilichobuniwa, unamjibu mtumiaji papo hapo, na picha yake imefungwa mahali halisi katika pande zote tatu. Kwa mafunzo ya tiba, sifa ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa sababu picha ya mfupa iliyokaa sentimita 2 pembeni mwa mfupa inafundisha makosa, na mwanafunzi atayabeba makosa hayo hadi wodini.

Tangu Apple ilipotoa ARKit mwaka 2017 na Google ikatoa toleo kamili la kwanza la ARCore mwaka 2018, zote zikiwa zana za kutengenezea programu za uhalisia ulioboreshwa, simu nyingi za kawaida zimeweza kufanya kazi hii bila miwani maalumu. Simu hutazama kwa kamera madoa, kona na michirizi iliyopo mbele yake, ikalinganisha jinsi vinavyosogea na taarifa za vihisi vyake vya mwendo, kisha ikakokotoa mahali ilipo kila sekunde mara nyingi. Ni muhimu mkufunzi akumbuke kwamba simu haiujui mwili wa binadamu. Inachokijua ni madoa na kona, na karibu matatizo yote utakayokutana nayo yanatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua stadi moja iliyofichwa na ngozi

Usianze na orodha ya stadi kumi. Chagua moja, na uichague kwa swali hili: je, mwanafunzi anakosea kwa sababu haoni kilichopo chini ya ngozi? Jibu likiwa ndiyo, simu itasaidia. Kuchoma sindano ya kiunoni ni mfano mzuri. Kuweka mrija wa kifuani ni mwingine, kwa kuwa mishipa ya damu na neva hupita chini ya ukingo wa chini wa kila ubavu, na ndiyo maana mrija hupitishwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini yake. Kusikiliza moyo kwa stetoskopu pia kunafaa, maana mwanafunzi anaweza kuona vali ilipo na kulinganisha na mahali sauti yake inaposikika vizuri zaidi, ambapo si mahali pamoja, jambo linalowachanganya wanafunzi wengi.

Jibu likiwa hapana, iache simu mfukoni. Kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama kunahitaji mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, yenye kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na hayo hujifunzwa kwa mabega, viganja na jasho. Sanamu yenye springi nzuri kifuani itamfundisha mwanafunzi kuliko picha yoyote ya moyo inayodunda hewani. Nalisema hili mapema kwa sababu kishawishi cha kutumia chombo kipya kila mahali ni kikubwa, na muda wa mwanafunzi ni mchache.

Kuanzia hapa nitafuata mfano wa sindano ya kiunoni.

Hatua ya 2: Ichambue stadi mpaka kwenye kidole

Kaa na daktari anayeifanya kazi hii kila wiki, umwombe aifanye kwenye sanamu taratibu, na uandike kila tendo. Wataalamu husahau kutaja mambo ambayo mikono yao hufanya yenyewe, kwa hiyo mkatize na umuulize: kidole gumba kiko wapi sasa, jicho linatazama nini, umejuaje kwamba umefika? Utapata orodha ya matendo ishirini au thelathini: kueleza na kuomba ridhaa, kumlaza mgonjwa ubavu magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani, kupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga pande zote mbili, kuvuta mstari wa kufikirika unaoziunganisha, na kadhalika.

Kisha pitia orodha hiyo na uweke alama kwenye matendo ambayo mwanafunzi anahitaji kuona kisichoonekana. Katika sindano ya kiunoni utayapata matatu tu. La kwanza ni mstari unaounganisha nyonga, ambao hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno. La pili ni nafasi iliyo kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, ambako sindano hupita kwa usalama kwa sababu kwa mtu mzima ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. La tatu ni mwelekeo wa sindano, unaoinama kidogo kana kwamba unalenga kitovu. Matendo mengine yote yafundishwe kama yalivyofundishwa siku zote. Programu yenye picha tatu zilizotulia ni bora kuliko yenye picha thelathini.

Hatua ya 3: Pata umbo la kuonyesha

Umbo la pande tatu la mifupa ya kiuno na nyonga unaweza kulitengeneza mwenyewe katika Blender, programu ya kuchorea maumbo ambayo hutolewa bure, au ukachukua lililotengenezwa tayari lenye leseni inayoruhusu kufundishia. Likitokana na picha za skana za mgonjwa halisi, hakikisha ruhusa ipo na kwamba kila kinachomtambulisha kimeondolewa. Kufuta jina peke yake hakutoshi, hasa kwa skana za kichwa, kwa kuwa sura ya mtu inaweza kujengwa upya kutokana nazo.

Mambo mawili huwapotezea watu siku nzima hapa. Kwanza ni vipimo. Faili za aina ya glTF, zinazohifadhi maumbo ya pande tatu, huhesabu kwa mita, ilhali maumbo mengi ya kitabibu yametengenezwa kwa milimita, kwa hiyo usishangae pingili ikitokea kubwa kuliko jengo. Pima upana wa nyonga ya sanamu yako kwa rula, kisha ulilinganishe umbo na kipimo hicho, kwa sababu sanamu za mafunzo hazifanani na hakuna umbo litakaloikaa sanamu yako bila kurekebishwa. Pili ni uzito wa umbo. Punguza pembetatu ndogo zinazoliunda hadi simu dhaifu kuliko zote ulizonazo iweze kulionyesha bila kukwama. Mfupa ulio laini kidogo kuliko ule wa kitabuni haumdhuru mwanafunzi. Picha inayobaki nyuma ya mkono wake inamdhuru.

Ondoa majina na mishale yote isiyohitajika. Mwanasaikolojia wa elimu John Sweller alieleza tangu mwaka 1988 kwamba akili ya anayejifunza hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja, na mtu anayeshika sindano kwa mara ya kwanza tayari ana mzigo wa kutosha.

Hatua ya 4: Ifunge picha mahali pake

Hapa ndipo miradi mingi hufaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ngozi ya sanamu ni laini, ina rangi moja, na mara nyingi inang'aa. Kwa jicho la kamera hapo hapana kitu cha kushika. Ukiiachia simu itafute yenyewe, picha itateleza kila mtu anaposogea. Dawa yake ni alama iliyochapishwa: mchoro wenye kona nyingi na usiojirudia, uliochapishwa kwenye karatasi isiyong'aa, ukabandikwa kwenye kipande kigumu ili usijikunje, kisha ukafungwa kwenye sanamu mahali ambapo mikono haitaufunika. Alama yenye upana wa sentimita 8 hadi 10 inatosha kwa simu iliyo nusu mita. Zana za kutengenezea programu kama Unity zina uwezo wa kutambua alama za aina hii kwenye ARKit na ARCore.

Alama iwe karibu na mahali pa kazi. Simu ikikosea mwelekeo wa alama kwa nyuzi 1 tu, kitu kilicho sentimita 30 kutoka kwenye alama hiyo kitasogea takriban milimita 5, na kilicho sentimita 10 kitasogea chini ya milimita 2. Usiiweke begani kwa sababu pana nafasi. Iweke juu kidogo ya kiuno, sentimita chache kutoka eneo la sindano, au uweke alama mbili pande mbili.

Kosa la pili ni la hila zaidi kwa kuwa picha huwa imekaa sawasawa, na bado mwanafunzi anadanganyika. Tuseme pingili iko sentimita 4 chini ya ngozi. Mwanafunzi akiitazama wima, nukta ya ngozi iliyo juu ya pingili na picha ya pingili vinapatana kwenye skrini. Akiinamisha simu nyuzi 30 kuelekea kichwani au miguuni, picha ya pingili bado iko mahali pake halisi, lakini sasa inaonekana kupitia nukta nyingine ya ngozi iliyo zaidi ya sentimita 2 kando. Akiweka kidole hapo anaweza kuwa amehamia nafasi nyingine kabisa ya pingili, huku akiamini kwamba kompyuta imemthibitishia. Jaribu mwenyewe: weka kidole mahali unapodhani ni sahihi, kisha izungushe simu polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na utaiona mifupa ikitembea chini ya kidole.

Tatizo hili lina njia mbili za kulishughulikia, na ningependa uzitumie zote. Chora nukta ya kuchomea na mstari wa nyonga juu ya ngozi yenyewe badala ya kuacha mwanafunzi akisie kutoka kwenye mifupa iliyo chini. Tena iambie programu ifiche mifupa kila simu inapoinama kupita kiasi fulani, nyuzi 10 kwa mfano, na itoe ujumbe mfupi: "Inyooshe simu." Kwa umbo la ndani, lichore kama linaloonekana kupitia dirisha lenye kingo lililokatwa kwenye ngozi. Bila dirisha hilo macho huuona mfupa ukielea juu ya mgongo, na mkono wa mwanafunzi hupotea nyuma ya picha.

Kabla ya kuendelea, pima. Tia pini ndogo kwenye nukta tano za sanamu zinazojulikana, fungua programu, na upime kwa rula tofauti kati ya pini na picha yake, simu ikiwa imewekwa sehemu tatu tofauti. Tofauti ikizidi milimita 5 kwenye nukta yoyote, usimwite mwanafunzi. Rudi kwenye alama, au kwenye vipimo vya umbo.

Hatua ya 5: Andaa chumba na simu

Taa ziwe sawa chumba kizima, bila dirisha linalomulika alama. Zima arifa, jaza chaji, na uhakikishe programu inafanya kazi bila intaneti. Kamera na michoro hupasha simu joto, na simu iliyopata joto hupunguza kasi yake, kwa hiyo uwe na moja ya akiba na upumzishe kila moja baada ya muda. Simu ishikiliwe na stendi yenye mkono unaopindika, ikitazama mgongo wima, kwa sababu kazi hii inataka mikono yote miwili.

Simu ni chafu. Mwanafunzi aliyevaa glavu safi asiiguse kamwe, hata kwenye sanamu, kwa kuwa mkono unaozoea kuvunja usafi mazoezini utauvunja kwa mgonjwa. Mwenzake ndiye aguse skrini.

Ukitaka kuonyesha kwenye mwili wa mtu, tumia mwanafunzi mwenzao aliyejitolea kwa hiari, kwa ajili ya kupapasa tu na bila sindano, na usirekodi chochote. Usitumie programu ya kufundishia kuongoza sindano kwa mgonjwa. Umbo ulilolitengeneza linafuata sanamu moja, ilhali wagonjwa hutofautiana kwa unene, umri na umbo la mgongo, na programu hiyo haijathibitishwa kuwa kifaa cha tiba.

Hatua ya 6: Endesha kipindi

Wanafunzi watatu kwa sanamu moja wanatosha: mmoja anatenda, mmoja anashughulikia skrini, wa tatu ameshika orodha ya matendo uliyoiandika katika hatua ya 2. Kisha wanabadilishana.

Njia ya hatua 4 iliyoelezwa na Rodney Peyton mwaka 1998 inafaa sana hapa, mradi simu iingie pahali pake. Mara ya kwanza, mkufunzi anafanya kazi nzima kwa kasi ya kawaida, kimya, bila simu, ili wanafunzi waone kitu kilivyo. Mara ya pili anarudia akieleza kila tendo, na sasa simu inawaonyesha kilichopo chini ya vidole vyake. Mara ya tatu mwanafunzi ndiye anayeeleza, mkufunzi akifuata maagizo yake, na picha iko wazi ili maneno ya mwanafunzi yalingane na mifupa anayoitaja. Mara ya nne mwanafunzi anafanya mwenyewe.

Katika mara hiyo ya nne, sheria ni moja na haina msamaha: sindano haisogei wakati macho yako kwenye skrini. Kamera moja humpa mtazamaji picha bapa, na anayetazama mkono wake kupitia skrini hukosea kina. Tazama, ondoa, tenda. Mwanafunzi anaangalia picha, mwenzake anaifunika skrini, na ndipo mkono unakwenda. Hapo ndipo pia anapopata kile ambacho simu haina, yaani ule ukinzani wa kano unaoongezeka kisha kulegea ghafla sindano inapopenya. Mwambie afumbe macho kwa sekunde chache sindano ikiwa imetulia, akueleze anachokihisi kabla hajaiendeleza sindano. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakikodolea skrini muda wote wakishtuka kwamba vidole vyao vilikuwa na habari hiyo tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Iondoe picha kidogo kidogo

Tangu kipindi cha pili, badilisha mpangilio: kidole kwanza, picha baadaye. Mwanafunzi anapapasa, anabandika kibandiko kidogo mahali alipochagua, anasema kwa sauti ni nafasi ipi na kwa nini, ndipo picha inafunguliwa. Akikosea, asisogeze kibandiko kwa kufuata picha. Afunike skrini, apapase upya, na atafute sababu: pengine alianza kuhesabu kutoka kwenye mbavu, au aliugusa mfupa wa nyonga chini ya ncha yake ya juu. Kosa lililosahihishwa kwa kidole hukaa akilini. Lililosahihishwa kwa kuiga picha hurudi juma lijalo.

Kipindi cha tatu, acha mstari wa nyonga peke yake. Cha nne, hakuna picha yoyote, isipokuwa mara moja mwishoni kwa ajili ya kuhakiki. Mwanafunzi anayelalamika kwamba picha imeondolewa mapema mno yuko katika hatua anayopaswa kuwapo, naye anahitaji mazoezi ya kupapasa kuliko picha.

Hatua ya 8: Pima bila simu

George Miller, mwaka 1990, alipanga umahiri wa kitabibu kama piramidi: kujua, kujua jinsi ya kufanya, kuonyesha namna ya kufanya, na kutenda kazini. Simu inasaidia ngazi za chini. Mtihani wako uwe wa ngazi ya tatu, kwa mfumo wa vituo ambao Ronald Harden na wenzake waliuandika mwaka 1975 na ambao wanafunzi wa udaktari wanaufahamu kwa jina la OSCE, na simu zibaki nje ya chumba.

Upime baada ya angalau wiki moja, maana matokeo ya siku ileile hupima kumbukumbu ya picha. Kipimo rahisi kuliko vyote ni rula: kila mwanafunzi aweke kibandiko kwenye nafasi aliyoichagua, nawe upime milimita kutoka nukta sahihi na uandike kama amepata nafasi sahihi ya pingili au amehama. Ongeza idadi ya majaribio ya sindano na matendo yaliyorukwa kwenye orodha. Ukiweza, kundi moja lifundishwe kwa simu na jingine kwa njia ya kawaida kwa muda uleule, na mtahini asijue nani ametoka wapi. Muda uwe sawa kweli, kwa sababu mara nyingi kundi la chombo kipya hupewa dakika za ziada bila mtu kutambua, na dakika hizo ndizo zinazoleta tofauti.

Kundi la simu likifanya vizuri picha ikiwapo na kuanguka isipokuwapo, usiiguse programu. Rudi kwenye hatua ya 7, uongeze vipindi vya kidole kwanza, na upime tena kwa vibandiko vilevile na sanamu ileile.